Pombe Mwilini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wanapozungumzia pombe. Huulizwa na wanaokunywa, na wasiokunywa lakini wanaishi na mnywaji, na wanaomeza dawa na kujiuliza kama glasi moja itawadhuru. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya nadra. Ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma la 12, kwa sababu mengi ya hapa, ukiyafuata hadi mwisho, yanakufikisha kwenye mwendo wa ini.

## Pombe inavyoingia

1. Kilevi cha bia, mvinyo na pombe kali ni kimoja au ni tofauti?

Ni kimoja, kinaitwa ethanoli. Kiwe kimetoka kwenye nafaka, zabibu au miwa, mwili haujui tofauti. Kinachotofautiana ni wingi wake: bia nyingi zina asilimia 4 hadi 6, mvinyo asilimia 11 hadi 14, pombe kali asilimia 40 hivi.

Ukipiga hesabu, nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za ethanoli. Mililita 60 za pombe kali ya asilimia 40 zina karibu gramu 19. Chupa nzima na mfundo mdogo, uzito karibu ule ule. Zishike hizo gramu 20, tutazirudia.

2. Inaingia kwenye damu kupitia wapi?

Wanga na nyama lazima vimeng'enywe kwanza. Ethanoli haihitaji kumeng'enywa. Ni molekuli ndogo, inachanganyika na maji na pia inapenya utando wa seli, kwa hiyo inavuka ukuta wa tumbo ilivyo. Karibu sehemu moja ya tano hupita tumboni. Iliyobaki huvukia kwenye utumbo mwembamba, ambao ukuta wake umejaa mikunjo na vinyweleo vidogo mno, hivyo una eneo kubwa sana la kunyonya.

Damu inayotoka utumbo hupitia kwenye ini kwanza, kisha moyo, kisha ndipo inasambaa. Ndani ya dakika chache ubongo umeshaguswa. Kilele kwenye damu huja kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa. Anayesema "mbona sijasikia kitu" na kuongeza nyingine baada ya dakika kumi bado hajafikiwa na ile ya kwanza.

3. Kwa nini aliyeshiba halewi haraka?

Kati ya tumbo na utumbo mwembamba kuna mlango wa misuli. Chakula kikiwa tumboni, mlango huo hubana na kuruhusu kidogo kidogo, kwa sababu tumbo bado lina kazi. Pombe iliyoambatana na chakula inasubiri foleni pamoja nacho. Inafika utumbo kwa matone, ini linapata nafasi ya kuanza kazi mapema, na kilele kwenye damu kinakuwa cha chini.

Chakula hakinyonyi pombe kama sponji, ingawa wengi wanaamini hivyo. Na kula baada ya kulewa hakufuti kitu, kwa kuwa pombe yenyewe imeshavuka.

4. Ni kweli kwamba vinywaji vyenye gesi hupanda kichwani haraka?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Gesi husukuma kinywaji kitoke tumboni mapema.

5. Kuchanganya vinywaji tofauti kunalevya zaidi?

Hapana. Damu inahesabu gramu za ethanoli tu. Ila anayechanganya hupoteza hesabu, na anayehama kutoka bia kwenda pombe kali mara nyingi anaendelea kunywa kwa kasi ya bia. Hapo ndipo mchanganyiko unapomponza.

## Ikishaingia kwenye damu

6. Kama pombe ni kitu cha kutuliza, mbona mtu huchangamka kwanza?

Seli za ubongo hupeana ujumbe wa kuchochea na ujumbe wa kutuliza. Pombe huupa nguvu ujumbe wa kutuliza, unaobebwa na kemikali iitwayo GABA, na kuudhoofisha wa kuchochea, unaobebwa na glutamati. Sehemu inayoonyesha dalili mapema ni ya mbele ya ubongo, ile inayotuzuia kusema kila linalotujia mdomoni. Kizuizi kikilegea, mwoga anahutubia na mpole anagomba. Wakati huo huo dopamini inaongezeka, na mtu anajisikia vizuri.

Kiwango kikizidi kupanda, zamu inafika kwa ubongo mdogo ulioko kisogoni, unaosimamia mizani ya mwili. Mtu anapepesuka, ulimi unakuwa mzito, funguo haiingii kwenye kitasa. Mwisho kabisa ni shina la ubongo, linaloendesha pumzi.

Kwa makadirio, nusu gramu ya ethanoli katika lita ya damu inatosha kupunguza uamuzi na wepesi wa kuitikia jambo, hata kama mwenyewe anaapa yuko sawa. Gramu 1 kwa lita, wengi wanaonekana wamelewa. Gramu 3, mtu anaweza kupoteza fahamu. Kuanzia gramu 4, mtu anaweza kufa.

7. Alikuwa anaongea na kucheza, kesho yake anasema hakumbuki. Anadanganya?

Yawezekana kabisa anasema kweli. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ndiyo inayohamisha mambo ya sasa hivi kwenda kwenye kumbukumbu ya kudumu. Pombe ikipanda kwa kasi, uhamishaji huo unasimama, lakini mtu bado anaweza kutembea, kujibu maswali, hata kuendesha gari. Watu husema "amezima". Kumbusha wee, hatakumbuka, kwa sababu saa zile hazikuandikwa popote.

Kinachozimisha hasa ni kasi: kunywa nyingi kwa muda mfupi, tumbo likiwa tupu. Kuzima kwa namna hii ni tofauti na kupoteza fahamu. Kwa hilo la pili, soma jibu la 26 leo, usingoje likukute.

8. Kwa nini nakojoa sana nikinywa?

Ubongo hutoa homoni ya vasopresini inayoziambia figo zirudishe maji mwilini. Pombe inaizuia. Figo zinaachia maji, na unajikuta unatoa zaidi ya ulichonywa. Kiu ya asubuhi inaanzia hapo.

9. Pombe inapasha mwili joto?

Inapasha ngozi tu. Mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi inatanuka, damu ya moto inakuja juu, nawe unahisi joto. Joto hilo limetoka ndani na sasa linapotea hewani. Aliyelewa na kulala nje kwenye baridi anapoa haraka kuliko asiyekunywa, na hata kutetemeka, ambako ndiko kungemuokoa, kunapungua.

10. Inaleta usingizi mzuri?

Inaleta usingizi wa haraka. Nusu ya kwanza ya usiku unalala fofofo, lakini usingizi wa ndoto unapungua. Ini likishamaliza sehemu kubwa ya pombe, ubongo uliokuwa umekandamizwa unanyanyuka kwa nguvu: unashtuka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, hulali tena vizuri. Misuli ya koo nayo imelegea, ndiyo sababu ya kukoroma sana.

## Ini na mwendo wake

11. Ini linaivunjaje pombe?

Kwa hatua mbili. Kwanza, kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi kama ADH kinaigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi. Hii ni sumu kuliko pombe yenyewe. Inaleta kichefuchefu, inachoma uso, inaharibu vinasaba vya seli. Pili, kimeng'enya kingine, ALDH, kinaigeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo haina madhara makubwa na mwishowe hugeuka hewa ya ukaa na maji.

Zaidi ya asilimia 90 ya pombe hupita njia hii. Iliyobaki inatoka ilivyo kwenye pumzi, mkojo na jasho.

Uwezo huu ni wa zamani kuliko binadamu. Uchunguzi wa jeni unaonyesha kuwa miaka milioni 10 hivi iliyopita, babu wa pamoja wa binadamu, sokwe na sokwe-mtu alipata badiliko dogo la kimeng'enya lililoongeza uwezo wa kuvunja ethanoli takriban mara 40. Inadhaniwa lilimfaa alipoanza kuokota matunda yaliyoanguka na kuchacha. Tunda lililochacha lina pombe kidogo sana. Mashine yetu ilitengenezwa kwa kiasi hicho.

12. Inachukua saa ngapi kuisha mwilini?

Dawa nyingi mwilini hupungua kwa uwiano: zikiwa nyingi zinatolewa nyingi. Pombe haiko hivyo. Kimeng'enya cha ADH hujaa mapema, na kikishajaa kinafanya kazi kwa mwendo mmoja, uwe umekunywa chupa mbili au kumi. Kwa wastani kiwango kinashuka takriban gramu 0.15 kwa lita ya damu kila saa. Baadhi ya watu ni 0.10, wengine 0.20.

Tuchukue mwanamume wa kilo 70. Anaanza saa mbili usiku, anakunywa bia tano za nusu lita, anaweka chini ya mwisho saa sita. Hizo ni gramu 100 za ethanoli. Zingeingia zote kwa mpigo zingempa gramu 2.1 kwa lita. Kwa saa nne alizokuwa anakunywa, ini limeondoa 0.6, kwa hiyo anakwenda kulala na gramu 1.5. Saa moja asubuhi ameoga, amevaa, anajiona mzima, na bado ana 0.45. Damu yake inakuwa safi saa nne asubuhi.

Kwa hiyo usiseme "nimelala, imeisha". Hesabu saa. Na kumbuka hizi ni namba za wastani. Ini lako laweza kuwa la polepole zaidi.

13. Kahawa, kuoga maji baridi, kutapika, kutoka jasho: kipi kinaondoa pombe haraka?

Hakuna hata kimoja. Kafeini inafukuza usingizi, kwa hiyo kahawa inakupa mlevi aliye macho. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vivyo hivyo, na vina hatari zaidi vikichanganywa na pombe kwa sababu vinaficha dalili za kulewa, ukaendelea kunywa. Maji baridi yanashtua tu. Jasho linatoa kiasi kisichofikia kuhesabika. Kutapika kunatoa kilichobaki tumboni, si kilichoko kwenye damu, na kumlazimisha mlevi kutapika kunaweza kumpalia.

Kunywa maji ni vizuri kwa sababu ya jibu la 8, lakini hayaongezi kasi ya ini.

14. Hangova inatoka wapi, na kuzimua kunasaidia?

Hangova haina chanzo kimoja. Mwili umepoteza maji, tumbo limechubuka, usingizi ulikuwa mbovu, mfumo wa kinga umechokozwa, na asetaldehidi imefanya uharibifu wake. Vinywaji vya rangi nzito kama brandi vina kemikali nyingine za ziada zinazoongeza maumivu. Cha kushangaza ni kwamba hangova inakuwa kali zaidi pombe inapokaribia sifuri kwenye damu.

Kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi, kunaahirisha tu. Unaliongezea ini foleni, na siku itakapofika ya kulipa, utalipa. Anayehitaji kuzimua kila asubuhi ili mikono itulie asome jibu la 28, na namwomba asilione kama lawama.

15. Mzoefu wa pombe anaivunja haraka zaidi?

Kidogo, ndiyo. Anayekunywa sana kila siku huamsha njia ya pili ya ini, ya kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, na kasi yake inaweza kuzidi gramu 0.25 kwa lita kwa saa. Lakini sehemu kubwa ya "kuibeba" pombe iko kwenye ubongo. Umejizoesha kufanya kazi ukiwa umekandamizwa. Mzoefu mwenye gramu 2 kwenye damu anaweza kuongea vizuri, huku ini, moyo na kongosho vikipokea gramu 2 zile zile. Viungo hivyo haviizoei.

Ini likishaanza kuwa na makovu, kasi inashuka. Aliyesifiwa miaka yote kwa kuibeba anaanza kulewa kwa chupa mbili. Hiyo ni dalili ya kumpeleka hospitali.

## Kwa nini watu hawalingani

16. Kwa nini mwanamke hulewa kwa kiasi kidogo kuliko mwanamume?

Pombe inasambaa kwenye maji ya mwili, na haiingii sana kwenye mafuta. Mwili wa mwanamume una maji takriban asilimia 60, wa mwanamke 50 hadi 55. Mwanasayansi wa Uswidi Erik Widmark aliiweka tofauti hii kwenye hesabu miaka ya 1930, na hadi leo makadirio mengi yanaanzia kwake. Kwa hesabu hiyo, bia moja ya nusu lita inampa mwanamume wa kilo 70 takriban gramu 0.4 kwa lita. Mwanamke wa kilo 55 inampa 0.65. Chupa ni ile ile.

17. Uso wangu unakuwa mwekundu na moyo unaenda mbio kwa glasi moja. Ni mzio?

Huenda kimeng'enya chako cha hatua ya pili (jibu la 11) ni dhaifu kwa kuzaliwa. Jeni hiyo inabebwa na zaidi ya theluthi moja ya watu wa China, Japani na Korea. Asetaldehidi inazalishwa lakini haiondolewi, inarundikana.

Usimeze dawa za mzio ili kuficha wekundu. Sumu inabaki pale pale, na watu wenye hali hii wakiendelea kunywa wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya umio. Kuna dawa ya kusaidia kuacha pombe, disulfiramu, ambayo kazi yake ni kumtengenezea mtu hali hii hii kwa makusudi: inazuia ALDH, na akinywa anaugua hapo hapo.

18. Watoto na wazee je?

Mtoto ana mwili mdogo, kwa hiyo kiasi kidogo kinapanda sana, na akiba yake ya sukari ni ndogo (jibu la 22). Hata kinywaji cha kuonja tu, dawa ya kusukutua mdomo au kitakasa mikono alichokilamba kwa wingi ni jambo la hospitali. Mzee ana maji machache mwilini kuliko alivyokuwa kijana, na mara nyingi anatumia dawa. Kiasi alichokizoea akiwa na miaka 40 hakimfai tena akiwa na 70.

19. Mjamzito na anayenyonyesha?

Pombe inavuka kondo la nyuma. Mtoto anapata kiwango kinachokaribia cha mama yake, na ini lake halijakomaa kuivunja. Madhara kwa ubongo unaojengwa ni ya maisha yote, na hakuna kiasi wala mwezi wa mimba uliothibitishwa kuwa salama. Kama ulikunywa kabla hujajua kuwa una mimba, acha sasa na umweleze mkunga. Kuacha mwezi wowote kunasaidia.

Kwenye maziwa, kiwango kinafuata cha damu, kikipanda na kushuka nacho. Kukamua na kumwaga hakusafishi maziwa, maana yanayotengenezwa yanatoka kwenye damu ile ile. Kusubiri ndiko kunakosafisha, angalau saa mbili kwa kila kinywaji kimoja kidogo. Bia ya nusu lita si kinywaji kimoja kidogo.

## Pombe na dawa, pombe na sukari

20. Naweza kumeza paracetamol kwa ajili ya maumivu ya hangova?

Sehemu ndogo ya paracetamol huvunjwa na CYP2E1, ile njia ya pili ya jibu la 15, na zao lake ni sumu kwa ini. Kwa kawaida ini lina akiba ya kuizima. Kwa mnywaji wa kila siku, njia hiyo imeamka na akiba imepungua. Mtu mwenye afya aliyekunywa jana tu hana hatari kubwa akimeza kipimo cha kawaida. Mnywaji wa kila siku aongee na daktari au mfamasia kwanza. Aspirini na ibuprofeni zinaliacha ini, ila zinaweza kuchubua tumbo ambalo pombe imeshalichubua, hadi likatoka damu.

21. Na antibiotiki, dawa za usingizi, dawa kali za maumivu?

Antibiotiki nyingi hazigombani moja kwa moja na pombe. Metronidazoli na tinidazoli zina onyo la kutapika, mapigo ya kasi na uso kuwaka. Maelekezo yake husema usinywe hadi saa 48 zipite baada ya kumaliza metronidazoli, na 72 kwa tinidazoli. Isoniazidi ya kifua kikuu inaelemea ini, na pombe inaongeza mzigo.

Dawa za usingizi kama diazepamu na dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli ziko kwenye kundi la kutisha zaidi. Zote zinakandamiza shina la ubongo, na pombe pia. Mtu anaweza kulala na asipumue tena, kwa viwango ambavyo kimoja kimoja visingemuua. Hapa hakuna "kidogo tu".

22. Kwa nini pombe inashusha sukari ya damu?

Chakula kikiisha tumboni, ini hutengeneza sukari mpya ili ubongo usikose. Likiwa linavunja pombe, kazi hiyo inakwama. Mwenye kisukari anayetumia insulini, akinywa bila kula, sukari inaweza kuanguka usiku wa manane. Kutetemeka, jasho na kuongea hovyo kunafanana na ulevi, na walio karibu naye wanasema "mwacheni alale". Kama unajua ana kisukari, mpime.

## Vipimo

23. Kipimo cha pumzi kinajuaje kilichoko kwenye damu?

Damu ikipita mapafuni, sehemu ya ethanoli inageuka mvuke. Vifaa vingi hukadiria kwamba lita 2.1 za pumzi ya ndani zina ethanoli sawa na mililita moja ya damu. Kwa kuwa mvuke unatoka mapafuni, pipi ya mnanaa inabadilisha harufu tu, haibadilishi namba. Kilichobaki mdomoni kinaweza kuipandisha, ndiyo maana mpimaji makini husubiri dakika 15.

24. Inaonekana kwa siku ngapi kwenye mkojo?

Ethanoli yenyewe huonekana kwa saa kadhaa baada ya kwisha kunywa. Kuna zao lake dogo, ethili glukuronidi, linaloweza kuonekana kwa siku 2 au 3, na hata zaidi baada ya kunywa sana.

25. Kitakasa mikono kinaweza kunilevya kupitia ngozi?

Hapana. Kinakauka kabla hakijapenya kwa kiasi cha maana.

## Hali za hatari na za nadra

26. Mwenzangu amepoteza fahamu kwa pombe. Nimwache alale?

Usimwache. Natamani jibu hili lingesomwa na kila mtu kabla ya mengine yote. Aliyezimia dakika hii anaweza kuwa na pombe tumboni ambayo bado haijavuka. Kiwango chake kinaendelea kupanda akiwa amelala. Na akitapika, kikohozi cha kujilinda kimelala pia.

Mlaze ubavu. Kunja goti la mguu wa juu lije mbele ili asibiringike, weka mkono wake chini ya shavu, rudisha kichwa nyuma kidogo ili ulimi usizibe koo, mdomo uelekee chini. Kisha kaa naye. Weka kiganja ubavuni pake, tazama saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 8, au ukipita muda wa sekunde 10 bila pumzi, au midomo ikawa ya buluu, ngozi ya baridi na majimaji, au ukimfinya haitikii, huyo ni mgonjwa wa dharura. Ita msaada na useme alichokunywa na dawa alizomeza. Kahawa, maji baridi na vidole kooni havimsaidii.

27. Pombe haramu inapofushaje?

Mara nyingi ni kwa methanoli, ndugu wa ethanoli anayefanana naye kwa harufu na ladha. Inavunjwa na kimeng'enya kile kile cha ADH, lakini zao lake ni formaldehidi, kisha asidi fomiki, inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho na kuifanya damu iwe na asidi. Kwa saa 12 hadi 24 mtu anaweza kuonekana mlevi wa kawaida tu. Kisha macho yanaona ukungu, tumbo linauma, pumzi inakuwa ya kasi.

Hospitalini anaweza kupewa fomepizoli, au ethanoli safi kwa kipimo. Ethanoli inakishika kimeng'enya, methanoli inabaki bila wa kuigeuza kuwa sumu, na mashine ya kusafisha damu inaiondoa. Hili halifanyiki nyumbani. Mkinywa pamoja na mmoja akaanza kulalamika macho, wote mwende, hata wasiohisi kitu.

28. Kwa nini kuacha ghafla kunaweza kuua?

Ubongo uliokandamizwa kwa miaka umejibu kwa kuongeza uchochezi. Pombe ikiondolewa kwa siku moja, uchochezi unabaki bila breki. Kati ya saa 6 na 24 huja kutetemeka, jasho na hofu. Ndani ya saa 48 huweza kuja degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona mauzauza, joto na mapigo hupanda. Hatua hiyo inaua isipotibiwa.

Kwa hiyo usimfungie mnywaji wa kila siku chumbani ili "aikome". Mpeleke asaidiwe kuacha kwa dawa na uangalizi, apewe pia vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi wameipungukiwa na upungufu huo unaharibu ubongo.

29. Ini likiharibika linapona?

Inategemea limefika wapi. Mafuta kwenye ini, hatua ya kwanza, huweza kuondoka ndani ya wiki chache za kutokunywa. Uvimbe wa ini ni mkali zaidi, lakini unaweza kutulia. Makovu ya sirosisi mengi hayaondoki. Hata hapo, anayeacha huishi muda mrefu kuliko anayeendelea, tofauti inayoonekana wazi.

30. Kuna kiasi kisicho na madhara?

Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliweka vinywaji vya kilevi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Saratani zinazohusishwa ni za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Hatari inaanza ndogo na kukua kadiri unavyoongeza. Ukipunguza, umepunguza hatari kweli.

31. Mwili unaweza kutengeneza pombe wenyewe?

Unaweza, kwa kiasi kidogo mno, kwa kila mtu. Kwa wachache sana, hamira inazidi utumboni na kuchachusha wanga wa chakula hadi mtu analewa bila kuonja kinywaji. Wengi wao wamewahi kutumia antibiotiki kwa muda mrefu au wana ugonjwa mwingine wa utumbo. Hugunduliwa kwa kumlaza chini ya uangalizi, kumpa sukari, na kupima damu kwa saa kadhaa. Hutibiwa kwa dawa za fangasi na kupunguza wanga. Ukiona ndugu anaapa hajanywa na anaonekana amelewa, fikiria kwanza sukari iliyoshuka, kiharusi au kichwa kilichogongwa, umwahishe hospitali. Hili la hamira daktari atalitafuta baadaye.